Denis Burkitt: Daktari wa jicho moja aliyeichora ramani ya saratani ya watoto

Mtu anayesimama juu ya kuta za Ngome ya Yesu, mjini Mombasa, akatazama mlango wa bahari unaoingia katika bandari ya kale, yuko mita chache tu kutoka usawa wa maji. Joto halipungui sana mwaka mzima, masika huleta mvua za kutosha, na mbu hawakosi pa kuzalia. Katika ramani iliyochorwa na daktari mmoja wa Kampala mwanzoni mwa miaka ya 1960, mambo hayo matatu, yaani kimo, joto na mvua, yalitosha kuutia ukanda huu wa pwani ndani ya mstari wa hatari. Hatari iliyokusudiwa ni saratani iliyokuwa ikivimbisha mataya ya watoto na kuwaua kwa muda wa miezi michache.

Daktari huyo alikuwa Denis Parsons Burkitt, mzaliwa wa Ireland, mpasuaji katika Hospitali ya Mulago. Jina lake limebaki katika vitabu vya tiba ulimwenguni kote kwa sababu saratani yenyewe huitwa limfoma ya Burkitt. Wako wanaomkumbuka kwa virusi vilivyogunduliwa katika vipande vya uvimbe alivyovipeleka London, na wako wanaomkumbuka kwa mahubiri yake ya uzeeni kuhusu unga usiokobolewa. Linalosahauliwa mara nyingi ni kwamba alikuwa miongoni mwa madaktari wa mwanzo kuonyesha kuwa saratani yaweza kuponywa kwa dawa peke yake, bila kisu wala mionzi. Njia hiyo ndiyo iliyopitiwa baadaye na dawa ngeni zaidi, zikiwemo zile za vimeng'enya vilivyovishwa polima.

Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari, 1911, katika mji wa Enniskillen, kaskazini mwa Ireland. Baba yake, James Burkitt, alikuwa mhandisi wa wilaya ambaye saa zake za mapumziko alizitumia kuchunguza ndege. Aliwavika ndege wadogo wa bustanini pete za chuma miguuni ili amtambue kila mmoja wao, kisha akachora ramani ya mipaka ambayo kila ndege aliilinda kama milki yake. Wataalamu wa elimu ya ndege wanaitaja kazi hiyo hata leo. Huenda mwana hakujua wakati ule kwamba alikuwa akifunzwa kazi atakayoifanya yeye mwenyewe miaka 30 baadaye, isipokuwa kwa maradhi badala ya ndege.

Akiwa na umri wa miaka 11, wavulana walikuwa wakirushiana mawe. Jiwe moja lilivunja miwani yake na jicho lake la kulia likapotea. Aliishi, akasoma na kupasua wagonjwa kwa jicho moja maisha yake yote.

Mwaka 1929 alijiunga na Chuo cha Trinity, Dublin, kusomea uhandisi kama baba yake, lakini muda si mrefu akauacha na kugeukia udaktari. Alikuwa Mkristo mwenye imani kali na aliamini kuwa Mungu ndiye aliyemwelekeza huko. Alihitimu mwaka 1935, na mwaka 1938 akapata cheo cha upasuaji mjini Edinburgh. Alipoomba kazi ya udaktari katika makoloni ya Afrika, alikataliwa. Mpasuaji wa jicho moja hakuaminiwa.

Vita Kuu vya Pili vya Dunia vilimfungulia mlango ambao amani ilikuwa imemfungia. Aliingia katika kikosi cha matabibu wa jeshi la Uingereza mwaka 1941, na utumishi huo ukamfikisha Kenya na Somalia. Katika Kenya jina la Burkitt halikuwa geni, kwani ami yake, Roland Burkitt, alikuwa daktari mashuhuri wa Nairobi tangu siku za mwanzo za mji huo. Mwaka 1943 Denis alimwoa Olive Rogers, muuguzi, na Mungu akawajaalia mabinti watatu. Vita vilipokwisha aliomba tena kazi ya kikoloni. Safari hii hakukataliwa. Mwaka 1946 alipelekwa Uganda, katika mji wa Lira, wilaya ya Lango.

Huko Lira alikuta wanaume wengi wenye mabusha, maradhi ambayo wakazi wa pwani yetu wanayafahamu vyema tangu enzi. Mpasuaji mwingine angeridhika na kuyapasua. Burkitt alijiuliza kwa nini wengi wa wagonjwa wake walitoka upande wa mashariki ya wilaya na wachache upande wa magharibi. Alihesabu, akapima, akachora ramani, na mwaka 1951 matokeo yakachapishwa katika jarida la tiba la Lancet. Ulikuwa utafiti mdogo usiomletea sifa kubwa. Hata hivyo ndani yake mna swali aliloliuliza mpaka kufa kwake: ugonjwa huu uko wapi, na mahali gani haupo?

Mwaka 1948 alihamishiwa Mulago. Kwa miaka kadhaa alikuwa mpasuaji wa kazi zote, akitengeneza hata miguu ya bandia ya bei nafuu kwa watu waliokatwa viungo. Kisha mwaka 1957 mwenzake wa idara ya magonjwa ya ndani, Hugh Trowell, akamwita wadini amtazame mtoto wa miaka mitano aliyekuwa na uvimbe katika taya zote mbili, pande zote mbili. Burkitt hakuwa ameona jambo kama hilo. Maambukizi ya mfupa huanza upande mmoja. Saratani nayo huanza mahali pamoja. Huu ulikuwa katika pembe nne za uso. Aliupiga picha, asijue la kufanya, na mtoto yule akafa.

Wiki chache baadaye alikuwa Jinja kwa kazi za kikazi akamwona mtoto mwingine amefura uso vilevile, akiwa na mama yake. Alimkagua na kukuta uvimbe mwingine tumboni. Kioja kinapotokea mara ya pili huacha kuwa kioja. Burkitt alirudi Mulago, akafungua majalada ya zamani ya watoto waliokufa kwa saratani, na akagundua kwamba uvimbe wa taya, wa figo, wa ini na wa mayai ya uzazi, ambao ulikuwa umeandikwa kwa majina tofauti na madaktari tofauti, ulikuwa ukitokea pamoja kwa mtoto yuleyule. Ulikuwa ugonjwa mmoja wenye nyuso nyingi. Makala yake kuhusu watoto 38 yalitoka mwaka 1958 katika jarida la wapasuaji la Uingereza, na karibu hakuna aliyeyatilia maanani. Wataalamu wa Mulago wa kuchunguza nyama za mwili, Jack Davies na Mmarekani Gregory O'Conor, ndio waliothibitisha kwa hadubini kwamba chanzo chake ni chembe za limfu, zile za kinga ya mwili.

Haki ya kihistoria inadai isemwe kwamba uvimbe wenyewe haukuanza mwaka 1957. Albert Cook, mmisionari aliyeshuka Mombasa mwaka 1896, wakati Ngome ya Yesu ilikuwa imetimiza mwaka mmoja tu tangu igeuzwe gereza, alitembea kwa miguu na wenzake hadi Buganda na kuanzisha Hospitali ya Mengo. Katika kumbukumbu zake za wagonjwa mna michoro ya mtoto mwenye taya lililovimba namna hiyohiyo. Na kabla ya Cook, akina mama wa nchi hizi walikuwa wameuona usoni pa watoto wao bila kuwa na pa kuuandika. Alichofanya Burkitt ni kuona kwamba vitu vilivyotawanyika ni kitu kimoja. Si jambo dogo, lakini si sawa na kusema alikuwa wa kwanza kuuona.

Swali lake la zamani likarudi. Alichapisha vikaratasi vyenye picha za watoto wagonjwa akavituma kwa hospitali za serikali na za misheni kote Afrika, akiuliza kama wameuona uvimbe huo. Majibu aliyaweka katika ramani kwa vipini. Ukanda ukajitokeza ukikata katikati ya bara, kutoka magharibi hadi mashariki, ukiwa na mkia ulioshuka kufuata pwani ya Bahari ya Hindi kuelekea Msumbiji. Ili kujua mkia huo unakomea wapi, na kwa nini, ilimpasa kwenda mwenyewe.

Mwezi Oktoba 1961 aliondoka Kampala katika gari kuukuu aina ya Ford pamoja na madaktari wawili: Ted Williams, wa hospitali ya misheni ya Kuluva karibu na Arua, na Cliff Nelson, raia wa Kanada aliyekuwa katika utumishi wa Uganda. Williams alikuwa fundi wa magari pia, sifa ambayo katika barabara zile ilikuwa na thamani kuliko shahada. Kwa muda wa wiki kumi walisafiri kilomita zipatazo 16,000, wakipita Tanganyika, Nyasaland, Rhodesia na Msumbiji hadi Afrika Kusini, wakizuru hospitali zaidi ya 50. Kila walipofika walitoa picha zao na kuuliza swali lilelile. Katika historia ya utafiti wa saratani ni nadra kupata safari iliyogharimu fedha kidogo kiasi hicho ikaleta matunda kiasi hicho.

Walichogundua ni kwamba mpaka wa ugonjwa haukufuata kabila, wala chakula, wala mpaka wa nchi. Ulifuata kimo cha ardhi. Karibu na ikweta, uvimbe ulitoweka juu ya mita 1,500 hivi. Kadiri walivyokwenda kusini ndivyo mstari huo ulivyoshuka, mpaka ukabaki nyanda za chini na ufukoni peke yake. Burkitt alitambua kwamba kimo si sababu bali ni alama ya baridi. Na palipokuwa na joto lakini mvua haba, uvimbe haukuwapo pia. Watoto wa nyanda za juu za Kenya walisalimika. Watoto wa kandokando ya Ziwa Victoria na wa Pwani hawakusalimika. Unguja na Pemba, ambako miaka ileile kulikuwa na kampeni kubwa ya kuangamiza malaria, ugonjwa huo ulikuwa haba ingawa joto na mvua vilikuwapo tele.

Ramani hiyo ililingana na ramani za maradhi yaenezwayo na mbu, jambo ambalo Alexander Haddow, mtaalamu wa homa ya manjano huko Entebbe, alilitambua haraka. Burkitt akadhani basi mbu hubeba virusi vya saratani. Hapo alikosea, ingawa hakukosea mbali. Mmarekani Gilbert Dalldorf, akifanya kazi na Allen Linsell wa Nairobi, alionyesha kwamba kinachokwenda sambamba na uvimbe huo ni malaria kali isiyokoma. Leo inaeleweka kwamba malaria inayomrudia mtoto mara kwa mara huichosha na kuivuruga kinga yake, na hapo virusi vinavyobebwa na watu karibu wote duniani hupata nafasi ambayo kwingine havipati.

Virusi vyenyewe vilipatikana kwa mkono wa mtu mwingine. Tarehe 22 Machi, 1961, Burkitt alipokuwa likizoni alitoa mhadhara katika Hospitali ya Middlesex, London. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo kijana mtafiti wa virusi, Anthony Epstein, aliyetoka ukumbini akiwa ameamua kuacha kazi nyingine zote. Kuanzia hapo vipande vya uvimbe vilisafirishwa kwa ndege kutoka Entebbe. Kwa miaka miwili havikuonyesha kitu. Mwishoni mwa mwaka 1963 ndege moja ilichelewa kwa ukungu ikatua Manchester, na kipande kilipofika maabara maji yake yalikuwa machafu kama yaliyooza. Kumbe uchafu ule ulikuwa ni chembe hai za saratani zilizokuwa zikielea. Epstein, pamoja na Yvonne Barr na Bert Achong, walizikuza, wakaona virusi ndani yake, na kutangaza habari hiyo mwezi Machi 1964. Vilikuwa virusi vya kwanza kujulikana kwamba vinahusika na saratani ya binadamu. Vikaitwa Epstein-Barr. Mtoto aliyetoa kipande kile hakutajwa, na hilo ni la kawaida katika karatasi za zama zile.

Lakini ramani na virusi havikumponya mtoto aliyelazwa wadini. Burkitt alijaribu kuukata uvimbe na akashindwa, kwa kuwa ulirudi upesi kuliko jeraha lilivyopona. Uganda haikuwa na mashine ya mionzi. Kilichobaki ni dawa, na katika miaka ile wazo la kuponya saratani kwa sindano na vidonge lilichekwa na madaktari wengi wa Ulaya.

Joseph Burchenal na Herbert Oettgen, wa kituo cha saratani cha Sloan-Kettering mjini New York, walishirikiana naye katika kujaribu methotreksati. Baadaye zikaja siklofosfamidi na vinkristini, dawa itokayo katika ua dogo lenye asili ya kisiwa cha Bukini, yaani Madagaska, ambalo watu wa pwani hulipanda nyuani kwa uzuri wake tu. Matokeo yaliwashangaza wote. Mtoto aliyekuwa hawezi kufumba kinywa kwa ukubwa wa uvimbe alirudia sura yake kwa siku chache. Wengi waliugua tena na kufa. Lakini wako waliopata dozi chache tu, wakaenda zao vijijini, na walipotafutwa miaka kadhaa baadaye wakakutwa wazima. Mjini Nairobi, Peter Clifford aliwatibu watoto kwa dawa za namna hiyo akaona mambo yayo hayo.

Burkitt hakuwa mtaalamu wa dawa. Alitoa dozi ndogo kwa sababu hakuwa na maabara ya kutosha kumchunguza mgonjwa baada ya dozi kubwa. Unyonge huo wa vifaa ndio uliodhihirisha jinsi uvimbe ule ulivyo mwepesi kufa, na hivyo kuutia moyo ulimwengu kwamba saratani za damu na za limfu zina dawa. Mwaka 1967, kwa msaada wa Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, kituo cha kutibu limfoma kilianzishwa Mulago chini ya John Ziegler. Kituo hicho ndicho chimbuko la Taasisi ya Saratani ya Uganda. Burkitt mwenyewe alikuwa amekwisha kuondoka. Alirudi Uingereza mwaka 1966. Tuzo ya Lasker ya mwaka 1972 ilimweka katika orodha moja na Burchenal, Ziegler na Anomah Ngu wa Kameruni, pamoja na waasisi wengine wa tiba ya dawa.

Ni kwa mmoja wa washirika wake wale kwamba habari hizi zinakutana na habari za vimeng'enya. Herbert Oettgen, ambaye jina lake liko pamoja na la Burkitt katika makala ya mwaka 1963 kuhusu methotreksati, aliongoza miaka minne baadaye taarifa ya mwanzo ya majaribio ya asparajinesi kwa wagonjwa wa saratani ya damu.

Kimeng'enya ni protini inayoharakisha kazi fulani mwilini, mfano wa mate yanavyoanza kuvunja wanga wa ugali tungali tunautafuna. Asparajinesi huvunja asparajini, kirutubisho kinachoelea katika damu. Chembe nzima za mwili hujitengenezea asparajini. Chembe za baadhi ya saratani za damu haziwezi, hutegemea ya kuokota. Ikivunjwa yote, zinakufa njaa. Dalili ya kwanza ilionekana mwaka 1953 mjini New York, John Kidd alipoona kwamba maji ya damu ya simbilisi, yule mnyama mdogo wa maabara asiye na mkia, yanaua saratani ya panya. Mwaka 1961, mwaka uleule wa safari ya Burkitt, John Broome alitambua kwamba kinachoua ni kimeng'enya hicho. Baadaye kikavunwa kutoka kwa bakteria.

Tatizo ni kwamba mwili humtambua mgeni. Protini ya bakteria ikiingia katika damu, kinga huishambulia. Mgonjwa huweza kuvimba, kukosa pumzi, hata kufa, na dawa yenyewe hufagiliwa upesi. Nusu yake hutoweka kwa siku moja na ushei, hivyo ilibidi mtoto achomwe sindano mara kadhaa kwa wiki.

Dawa ya tatizo hilo ilitoka katika Chuo Kikuu cha Rutgers, Marekani. Mwaka 1977 Frank Davis, Abraham Abuchowski na wenzao walieleza jinsi walivyozigandisha protini kwenye poliethilini glikoli. Hii ni polima, yaani molekuli ndefu iliyofanywa kwa vipande vidogo vilivyofuatana kama shanga katika uzi. Nyuzi hizo hupenda maji. Huyavuta yakazizunguka, na protini iliyo ndani ikawa kama iliyojifunika buibui. Kinga huipita bila kuitambua, na kwa ukubwa wake haichujwi upesi. Asparajinesi iliyovishwa hivyo hukaa katika damu takriban mara nne au tano zaidi ya ile iliyo tupu, na sindano moja hutosha kwa wiki mbili. Vazi hilo lina kasoro zake, kwani wako wagonjwa ambao kinga yao hujifunza kuitambua hata hiyo polima.

Itakuwa ni kumsingizia Burkitt kusema alishiriki katika kemia hiyo, na limfoma yake haitibiwi kwa kawaida kwa asparajinesi. Kuna kimeng'enya kingine kinachoigusa kwa karibu zaidi. Uvimbe wa Burkitt ukipigwa na dawa hufa kwa kishindo; chembe nyingi mno hupasuka kwa mara moja na kumwaga asidi ya yuriki inayoziba figo. Hivyo mtoto aweza kufa kwa sababu dawa imefanya kazi vizuri mno. Wanyama wengi wana kimeng'enya cha kuiyeyusha asidi hiyo; binadamu hana. Mwaka 1981 Davis na wenzake walieleza majaribio ya kimeng'enya hicho kilichovishwa polima kwa wagonjwa. Dawa ya namna hiyo iliidhinishwa Marekani mwaka 2010, lakini kwa ugonjwa wa jongo. Kwa watoto wa limfoma inayotumika, panapo uwezo, ni ile isiyovishwa, iliyoanza kuidhinishwa mwaka 2001. Hospitali zisizo nayo hutegemea maji mengi ya mishipani na vidonge vya alopurinoli.

Burkitt wakati huo alikuwa katika mambo mengine. Kwa kulinganisha maradhi aliyoyaona Uganda na yale ya Uingereza, alishikilia kwamba Wazungu wanaugua matumbo, kuanzia kidole tumbo hadi saratani ya utumbo, kwa sababu wamekoboa nafaka zao na kuacha makapi. Kitabu chake cha mwaka 1979 kuhusu makapi ya chakula kilisomwa na watu wengi. Alizunguka dunia akionyesha picha za vinyesi mbele ya maprofesa waliovaa tai, bila haya hata kidogo. Uchunguzi wa baadaye umeunga mkono baadhi ya madai yake na kuyapunguza mengine. Alikuwa na mazoea ya kuona sababu moja nyuma ya mambo mengi, mazoea yaliyomfaa sana Mulago na yaliyomponza kidogo uzeeni. Kwa bahati ya kuchekesha, poliethilini glikoli ileile inayoyavisha madawa ya saratani huuzwa pia kama dawa ya kulainisha choo, ambayo yeye angesema haihitajiki mezani penye dona na maharagwe.

Alifariki tarehe 23 Machi, 1993, mjini Gloucester, Uingereza, akiwa na umri wa miaka 82. Mwaka uliofuata, 1994, Marekani iliidhinisha asparajinesi iliyovishwa polima kwa wagonjwa wa saratani ya damu ambao miili yao ilikuwa imeikataa ile ya kawaida. Imo sasa katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Bei yake ni kubwa, na sharti itunzwe kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, njia yote kutoka kiwandani hadi kitandani pa mgonjwa.

Limfoma ya Burkitt haijatoweka katika ukanda aliouchora. Nchini Kenya bado huonekana zaidi Nyanza, Magharibi na Pwani. Ngome ya Yesu, ambayo wakati wa mazingira ya Waomani ya 1696 hadi 1698 ilipoteza watetezi wengi kwa maradhi kuliko kwa risasi, ni makumbusho siku hizi. Chini yake, katika nyua za Mji wa Kale na mitaa jirani, lile ua la Bukini lingali linapandwa, jeupe na la waridi. Watoto wa pwani wenye mataya yaliyovimba wanatibiwa hadi leo kwa vinkristini, methotreksati na siklofosfamidi, dawa zilezile tatu za wadi ya Mulago, sasa zikitolewa kwa pamoja na kwa dozi kubwa kuliko alizothubutu Burkitt. Wengi wa wanaofika mapema hupona. Wanaochelewa kwanza hupitishwa kwa mng'oa meno, kwa kuwa dalili ya mwanzo ya ugonjwa huu mara nyingi ni meno ya mtoto kulegea.